Ukisema “mapenzi yako yatimizwe”, umeifuta sala yako?

Swali: Shikamoo mchungaji. Mama yangu ana miaka 61. Hivi karibuni amegundulika ana saratani ya shingo ya kizazi na ameanza mionzi. Kila usiku namwombea, na kama nilivyolelewa, namalizia kwa kusema “lakini mapenzi yako yatimizwe.” Kiongozi wa kikundi changu cha maombi alinisikia akanikemea mbele ya wenzangu. Alisema maneno hayo yanafuta sala yote na yanamfungulia shetani mlango. Ati natakiwa kukiri kwamba mama ameshapona, na kutoa sadaka maalumu ya kuufunga ugonjwa. Kaka yangu amekubaliana naye, na sasa anamshawishi mama aache mionzi ili imani yake ionekane. Mama mwenyewe anasema, “Mungu akipenda nitapona, asipopenda basi.” Mimi nimebaki katikati, hata kusali nashindwa. Nani yuko sahihi? Na kama Mungu ameshakuwa na mapenzi yake, naomba ili iweje? – Msomaji, Mwanza

Marahaba, binti yangu, na pole kwa mzigo uliokushukia. Nitakujibu kwa kirefu, ila kuna jambo lisiloweza kungoja mwisho wa barua: mama asiache mionzi. Matibabu ya mionzi kwa saratani hii hupangwa yakamilike ndani ya wiki nane hivi, na ratiba ikikatikakatika, seli za ugonjwa hupata nafasi ya kuota upya. Kaka yako akitaka andiko, mpe 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia aliugua karibu ya kufa, akalia, akasali, na nabii Isaya akarudishwa kwake na ujumbe ulio wazi kuliko wowote ambao mtu wa kikundi chenu amewahi kupewa: Mungu amesikia, amemwongezea miaka 15. Ahadi ilikuwa imeshatoka. Na bado Isaya huyohuyo akaagiza uletwe mkate wa tini, ukawekwa juu ya jipu, mfalme akapona. Hakuna aliyemwambia Hezekia kwamba tini zile ni dalili ya imani haba.

Sisi Watanzania tusingepaswa kulisahau jambo hili upesi hivi. Mwaka 2011 nchi nzima, na majirani zetu, walipanda kwenda Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Mjadala wa kikombe chenyewe nauacha. Wanaonihuzunisha hadi leo ni wale waliorudi nyumbani wakaweka kando dawa zao za hospitali, kwa kuona kwamba kuendelea kuzimeza ni kumwonyesha Mungu shaka. Walilofanya ndilo ambalo kaka yako anamtakia mama, na analitaka kwa upendo, jambo linalolifanya liwe gumu zaidi kulipinga.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe.

Kiongozi wako hakuitunga hoja hii. Ni mafundisho yaliyoenea sana siku hizi, yana mantiki yake, na si haki kuyabeza. Yanasema hivi: Mungu ameshaonyesha mapenzi yake kuhusu magonjwa, kwa kuwa Yesu aliwaponya wagonjwa, basi anayesema “ukipenda” anafungua upya kesi iliyokwisha hukumiwa. Andiko lao kuu ni Marko 11:24: “Yo yote myaombayo mkisali, aminini ya kwamba mnayapokea, nayo yatakuwa yenu.” Ni neno la Bwana mwenyewe, na sisi tuliolelewa katika makanisa ya zamani tunalikwepa kuliko inavyotupasa.

Lakini geuza kurasa chache tu. Marko 11 ni mwanzoni mwa juma la mwisho la Yesu Yerusalemu. Marko 14 ni usiku wa Alhamisi, juma hilohilo. Aliyewaambia wanafunzi waamini kwamba wanapokea ndiye aliyeanguka chini bustanini Gethsemane akasema, “Aba, Baba, yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki, walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe.” Ikiwa maneno hayo yanafuta sala, basi sala ya kwanza kufutwa ni ya Mwana wa Mungu. Sidhani kama kiongozi wako yuko tayari kufika huko. Mwulize kwa upole, tena mkiwa wawili. Yeye alikukemea mbele ya watu. Wewe usimlipe vivyo hivyo.

Tukae kidogo hapo bustanini, maana ndipo jibu lako lilipo. Angalia mpangilio wa sala ile. Yesu haanzi kwa kujisalimisha. Anaanza kwa kukiri uwezo wa Baba: yote yawezekana kwako. Kisha anaomba, na ombi lake halina mapambo: uniondolee. Hasemi “unitie nguvu nikinywe”, ingawa tungetarajia hivyo kutoka kwa mtu mtakatifu. Anataka kisije. Baada ya kuyasema hayo yote ndipo anasema si kama nitakavyo mimi. Maana yake ni kwamba anayo anayoyataka, ameyataja, na Baba ameyasikia. Mtu hawezi kuyaweka mapenzi yake mikononi mwa Mungu kabla hajayatoa moyoni yakaonekana.

Mathayo anaongeza jambo ambalo hupita wengi tukisoma haraka. Mara ya kwanza Yesu anasema “ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke.” Mara ya pili anasema ikiwa haiwezekani kiniepuke, “mapenzi yako yatimizwe.” Mara ya tatu, Mathayo anasema, akaomba maneno yaleyale. Ndani ya saa chache sala imesogea, na haikusogea kwa mara moja. Na yale maneno matatu ya mara ya pili ndiyo yaleyale aliyowafundisha wanafunzi katika sala ya “Baba yetu”. Wewe unapoyasema usiku kando ya kitanda cha mama unasali kwa maneno ambayo Bwana alifundisha, kisha akayatumia mwenyewe siku yake ilipofika. Huko si kumfungulia shetani mlango.

Je, alisikilizwa? Hapa pananishangaza kila ninapopasoma. Waraka kwa Waebrania, sura ya 5, mstari wa 7, unasema alitoa maombi na dua, pamoja na kulia sana na machozi, kwa yule awezaye kumwokoa na mauti, “akasikilizwa.” Akasikilizwa! Na kesho yake akasulubiwa. Kwa hesabu za kikundi chenu, sala isiyoleta kilichoombwa haikusikiwa, na mwombaji aanze kutafuta kasoro yake. Mwandishi wa Waebrania hafanyi hesabu hiyo. Kwake Mungu alisikia, akampitisha Mwanawe katika mauti hadi upande wa pili badala ya kumzungusha pembeni.

Kuna watu wawili katika Injili ya Marko ambao ningependa uwasome pamoja, maana kiongozi wako amewachanganya. Wa kwanza yuko sura ya 1, mtu mwenye ukoma: “Ukitaka, waweza kunitakasa.” Wa pili yuko sura ya 9, baba wa kijana mwenye pepo aliyekuwa akimtupa motoni na majini: “Ukiweza neno lo lote, utuhurumie.” Wote wawili wameweka sharti ndani ya ombi. Lakini Yesu anamrudishia maneno yake yule wa pili tu. Mwenye ukoma hana shaka na uwezo; analoliacha mikononi mwa Yesu ni kutaka. Naye hakemewi. Yesu anamhurumia, ananyosha mkono, anamgusa mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimgusa, anasema, “Nataka, takasika.” Basi “ukipenda” yako ni ya mwenye ukoma. Na hata ingekuwa ya yule baba, angalia mwisho wake: analia kwamba anaamini na hapohapo anaomba asaidiwe kutokuamini kwake, na mtoto anaponywa siku ileile, kwa imani hiyo yenye nyufa.

Nimemaliza na kiongozi wako kwa sasa. Nigeuke upande wetu, maana makosa hayako huko peke yake.

Mimi ni mchungaji wa Kilutheri, na sehemu kubwa ya utumishi wangu imepita wodini, kwa hiyo nimezisikia sala nyingi za watu wetu. Ukweli ni kwamba mara nyingi tunasema “mapenzi yako yatimizwe” kama mtu anayekata bima. Tunaomba haraka, kwa sauti ya chini, ombi dogo lisiloweza kuleta aibu, kisha tunaliwekea maneno hayo juu, ili mgonjwa akipona tushukuru na akifa pasiwe na wa kuulizwa. Hiyo siyo sala ya Gethsemane. Ni njia ya adabu ya kutokuomba. Nadhani ndiyo sababu vijana wengi wametukimbia wakaenda kwenye vikundi ambako angalau watu wanaomba kana kwamba kuna mtu anasikia. Katika hilo wametuzidi, na sioni haya kusema hivyo.

Kwa hiyo nikuulize: kabla hujafika kwenye maneno hayo, umeomba? Umemwambia Mungu kwamba unataka mama aishi, na kwa nini? Kwamba ni yeye aliyekulea, kwamba wajukuu hawajamjua vizuri, kwamba huoni nyumba ile itakuwaje bila yeye? Ibrahimu alimshusha Mungu kutoka watu 50 hadi 10 kwa ajili ya Sodoma, na hakuna mahali Biblia inapomlaumu kwa kubishana bei. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaisha gizani, bila mstari wa faraja, nayo imo ndani ya Biblia, yaani ni sala halali. Wewe unasema hata kusali unashindwa. Huenda umeshindwa kwa sababu umejaribu kusali sala safi. Jaribu ya fujo.

Ninapowafundisha watu jambo hili napenda kutaja visa viwili vya Martin Luther, mtu mmoja, miaka miwili tu katikati. Mwaka 1540 rafiki yake Philipp Melanchthon aliugua njiani, akalala Weimar akiwa hoi, hali wala hanywi, macho yamefifia. Luther alifika, akaenda dirishani, akasali kwa ukali ambao hata yeye aliusimulia baadaye kwa mshangao: alimwekea Mungu mbele zake kila ahadi ya Maandiko ya kusikia maombi, akadai kwamba lazima asikilizwe, la sivyo atawezaje kuziamini ahadi hizo tena. Melanchthon akainuka, akaishi miaka 20 zaidi. Septemba 1542 binti yake Luther, Magdalena, akiwa na miaka 13, aliugua. Baba yule yule alipiga magoti kando ya kitanda akilia kwa uchungu, akamwambia Mungu kwamba anampenda sana mtoto huyu na angetamani abaki naye, lakini ikiwa ni mapenzi yake kumchukua, basi yatimie. Magdalena alifia mikononi mwa baba yake.

Luther hakuwa amepungukiwa imani kati ya 1540 na 1542. Wala Mungu hakuwa amempenda Melanchthon kuliko Magdalena. Mtu anayemwamini Mungu huomba kwa namna zote mbili, na wakati mwingine hajui ataomba kwa ipi mpaka afike kitandani.

Ndipo naingia kwenye swali lako la mwisho, la kwamba kama Mungu ana mapenzi yake tayari unaomba ili iweje. Wanatheolojia wameandika mengi juu ya hili, na mengi hayamsaidii mtu anayeuguza, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Biblia haimwelezi Mungu kama karani mwenye faili lililofungwa. Yakobo anasema waziwazi kwamba hamna kitu kwa kuwa hamwombi. Mapenzi ya Mungu yana njia zake za kutimia, na sala za watu wake ni mojawapo, kama ambavyo mionzi ni mojawapo. Lakini ni lipi hasa alilokusudia kwa mama yako, hilo Kumbukumbu la Torati 29:29 linaliweka upande ambao mimi na wewe hatufiki: “Mambo ya siri ni ya BWANA, Mungu wetu, lakini mambo yaliyofunuliwa ni yetu.” Yaliyofunuliwa tunayajua vizuri. Tumpende mgonjwa, tusiseme uongo, tuombe bila kukoma, tumtunze mama. Wakristo wengi wanapoteza usingizi wakitafuta mapenzi ya siri huku ya wazi yamekaa mezani hayajaguswa.

Soma pia Matendo 12. Herode anamuua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Luka anatumia mstari mmoja tu. Kisha Petro anakamatwa, kanisa linamwombea kwa bidii, malaika anamtoa gerezani. Kanisa ni lile lile, Mungu ni yule yule. Luka hatuambii kwa nini mmoja alikufa na mwingine akatoka, wala hasemi kwamba Yakobo hakuombewa vya kutosha. Ila anatuachia kituko ambacho nadhani aliandika akitabasamu. Petro anabisha hodi kwenye nyumba walimokuwa wakimwombea, kijakazi Roda anaitambua sauti yake, anakimbia kuwaambia, nao wanamjibu, “Una wazimu.” Waombaji wenyewe hawakuamini! Walikuwa wanaomba atoke, na alipotoka walimwambia mleta habari kwamba ana kichaa. Sala yao ilijibiwa pamoja na hayo. Hebu mtu anayepima imani kwa kipimo cha maabara anieleze watu hawa walipata asilimia ngapi.

Kuhusu kukiri kwamba mama “ameshapona”: usimlazimishe, wala usijilazimishe. Kusema “naamini Mungu anaweza kukuponya” ni imani. Kumwambia mtu mwenye maumivu kwamba hana maumivu ni jambo jingine, na linamwumiza kwa namna ambayo wazima hawaioni. Nimeshawakuta wagonjwa ambao hawathubutu kumwambia mwanao wa kumzaa kwamba usiku hawakulala, wasije wakaambiwa wamevunja ukiri. Wanabaki na ugonjwa na upweke juu yake. Paulo hakuwa na adabu hiyo. Anamwandikia Timotheo, bila kuona aibu, kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Yeye mwenyewe aliomba mara tatu mwiba utolewe mwilini mwake, akajibiwa, “Neema yangu yakutosha.” Kama mtume ambaye nguo zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona angeweza kuandika hivyo, mama yako anaweza kusema mgongo unamuuma.

Na akisema, mwambie daktari. Dawa za maumivu zipo, ikiwemo mofini ya kunywa kwa maumivu makali ya saratani, na kuiomba si kukata tamaa. Familia nyingi huiogopa kwa kudhani ikitajwa basi ndiyo mwisho. Siyo hivyo. Mgonjwa aliyetulizwa maumivu hula, hulala, na huweza kusali.

Sadaka maalumu sina maneno mengi. Naamani alikuja kwa Elisha na fedha, dhahabu na mavazi, akaponywa ukoma, na Elisha akakataa kupokea hata kitu kimoja. Gehazi mtumishi wake ndiye aliyekimbilia njiani kuchukua, na ukoma ukamhamia yeye. Fedha hiyo iwe ya nauli ya kwenda kliniki na chakula cha mama. Ukitaka kutoa sadaka ya shukrani kanisani, toa kwa moyo, ila isiwe malipo ya kumwagiza Mungu.

Sasa mama. Umeandika maneno yake kwa kifupi, nami namsikia mtu ambaye huenda anasema mambo mawili tofauti. “Mungu akipenda nitapona, asipopenda basi” yaweza kuwa imani iliyokomaa, ya mwanamke aliyemjua Mungu miaka 61. Vijana watatu wa Danieli walisema karibu hivyo mbele ya tanuru: Mungu wetu aweza kutuokoa, “bali kama si hivyo,” hatutaisujudia sanamu. Lakini pia yaweza kuwa sauti ya mtu aliyechoka: kichefuchefu, kuharisha, safari za kila siku za mionzi, watoto wanaogombana juu ya kitanda chake. Hilo la pili haliponywi kwa somo la Biblia. Kaa naye peke yenu, si mbele ya kaka, mwulize: “Mama, ukisema basi, unamaanisha nini? Umechoka na nini hasa?” Kisha nyamaza umsikilize, hata kama atasema jambo ambalo hutaki kulisikia. Yesu alipokuwa Gethsemane hakuwaomba wanafunzi wake wamweleze maana ya mateso. Aliwaomba wakeshe naye, nao wakalala. Usilale.

Kuna jambo hukuliuliza ila limejificha katika barua yako: kama mama akifa, je, itakuwa ni kwa sababu ya sala yako? Hapana. Nakujibu kama mchungaji, bila kuzungukazunguka. Wanafunzi waliuliza juu ya kipofu wa Yohana 9 nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu alikataa swali lenyewe. Watu 18 walioangukiwa na mnara Siloamu hawakuwa wabaya kuliko wengine Yerusalemu, alisema hivyo pia. Mtu atakayekuja msibani kukunong’oneza kwamba ungekiri vizuri mama angekuwepo, huyo anafanya kazi ya rafiki za Ayubu, ambao Mungu aliwaambia mwishoni kwamba hawakunena yaliyo sawa. Tena natumaini hautakuwepo msiba wa kunong’onea. Saratani hii ikitibiwa mapema, na matibabu yakikamilika, wengi wanapona. Mwulize daktari ugonjwa wa mama uko hatua ya ngapi, uandike jibu lake, mjue mnaomba nini.

Usidhani pia kwamba kukubali mapenzi ya Mungu ni kukaa kimya tangu mwanzo. Daudi mtoto wake alipougua alifunga, akalala chini siku saba, wazee wa nyumba yake wakamsihi ainuke, akakataa. Mtoto alipokufa ndipo aliinuka, akaoga, akajipaka mafuta, akaingia nyumbani mwa BWANA akasujudu, akaomba chakula. Watumishi wake hawakumwelewa. Walizoea watu wanaofanya kinyume. Maelezo yake ni mafupi: maadamu mtoto alikuwa hai alifunga na kulia, kwani nani ajuaye kama Mungu atamrehemu. Nani ajuaye! Mama yuko hai, kwa hiyo wewe uko katika siku zile saba. Omba kama Daudi alivyoomba ndani yake, wala usiombe kama mtu aliyekwisha kuoga.

Usiku wa leo unaweza kuanza hivi, kwa maneno yako: Baba, wewe unaweza. Nataka mama apone, nataka mionzi ifanye kazi, nataka Jumatatu asitapike. Ninaogopa. Mimi nakutaka wewe umwone kama ninavyomwona. Mapenzi yako yatimizwe, na ikiwa sitayaelewa, usiniache. Kisha lala. Usirudie mara kumi kwa hofu kwamba umekosea neno. Warumi 8:26 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Augustino, askofu wa Hippo, karibu mwaka 412, alimwandikia barua Proba, mjane wa Kirumi aliyekuwa amekimbilia Afrika Kaskazini baada ya mji wake kutekwa, na mstari huo ndio uliomsumbua mjane yule kama unavyokusumbua wewe. Alimjibu kwamba katika taabu zinazoweza kutufaa na kutudhuru pia hatujui tuombe nini, kwa hiyo tunaomba kiondoke kinachotuuma, kwa kuwa sisi ni wanadamu, lakini tusidhani Mungu ametupuuza kisipoondoka. Naipenda sana hiyo “kwa kuwa sisi ni wanadamu.” Hatuombi radhi kwa kutaka mama zetu wapone.

Kaka yako usimshinde kwa hoja mbele ya mgonjwa. Mpe kazi. Mwambie aende na mama kliniki, akae kwenye benchi lile la kusubiria, amsikie daktari kwa masikio yake. Anayesukuma kiti cha mgonjwa kila siku huacha haraka kusema aache matibabu. Kikundi cha maombi usikihame kwa hasira. Waambie tu kwamba unashukuru wakimwombea mama, na kwamba wakija nyumbani hawatamwuliza juu ya imani yake.

Na kama unatamani jambo la kanisa zima, liko Yakobo 5:14: mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Sisi Walutheri tunaifanya, Waanglikana na Wakatoliki pia, kila mmoja kwa taratibu zake, na haina gharama. Zungumza na mchungaji wa usharika wenu, mpange siku isiyo ya mionzi ili mama asiwe amechoka, waje wachache, wasikae muda mrefu. Andiko linasema mgonjwa mwenyewe ndiye anayewaita, kwa hiyo kabla hujapiga simu yoyote mwulize mama kama anataka, na akisema bado, subiri.